Kuondoa mafuta yaliyoganda kwenye makabati ya mbao jikoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu makabati ya mbao halisi pamoja na yale ya plaiwudi au MDF (bao la nyuzi za mbao zilizosagwa na kubanwa kwa gundi) yenye sura ya mbao. Mwenye haraka asome swali la 2, la 4 na la 5, kisha arudi kwenye mengine kazi ikimkwamia.

## Uchafu wenyewe na mbao zenyewe

1. Napangusa makabati kila siku. Mbona bado yananata?

Kikaango kikishika moto, mafuta hayabaki yote kikaangoni. Sehemu yake hupanda na mvuke yakiwa matone madogo yasiyoonekana, huelea, kisha hutua popote palipo na ubaridi: kwenye milango ya makabati, kuta, dari, hata juu ya friji. Siku ya kwanza ni utando mwembamba tu, na kitambaa chenye sabuni kinaumaliza mara moja.

Ukiachwa, utando huo huanza kubadilika. Mafuta mengi ya mimea hufyonza oksijeni ya hewani na chembe zake hushikana zikawa minyororo mirefu. Kwanza hunata, vumbi na nyuzi za nguo zikanasa humo. Baadaye hukauka na kuwa gamba la manjano au kahawia. Mafundi seremala hutumia tabia hiyohiyo makusudi wanapopaka mbao mafuta ya kitani, ambayo yakikauka huacha ngozi ngumu juu ya mbao. Kwa hiyo mafuta yaliyokaa miaka kadhaa kabatini yamekwishakuwa vanishi, ila vanishi ambayo hakuna aliyeiagiza.

Maji matupu hayana la kufanya hapo, kwa sababu maji na mafuta hayachanganyiki. Kitambaa kibichi kinasogeza utando kutoka hapa kwenda pale. Na kama kitambaa hicho ndicho kilichotoka kupangusa jiko, kinapeleka mafuta mapya kabatini.

2. Nitajuaje kabati langu limepakwa nini, na je, ni lazima nijue?

Ni lazima, tena kabla ya kugusa dawa yoyote. Mara nyingi kitambaa chako hakifikii mbao kabisa. Kinachosuguliwa ni pako, yaani vanishi, laka, rangi au nta iliyopakwa juu yake. Dawa inayofaa kwa moja inaweza kuiharibu nyingine.

Anza na tone la maji. Lidondoshe mahali pasipoonekana, kwa mfano upande wa ndani wa mlango karibu na bawaba, na usubiri dakika chache. Likibaki limejikunja juu, mbao zimezibwa vizuri. Likizama na kuacha alama nyeusi, mbao ni tupu, zimepakwa mafuta au nta tu, au vanishi imekwisha; hapo nenda swali la 21 kwanza.

Ukitaka kujua zaidi, chovya pamba kidogo kwenye spiriti na uiguse hapohapo mafichoni. Pako likilainika na kunata, huenda ni shelaki, ambayo hupatikana sana kwenye samani za zamani. Spiriti isipofanya kitu, jaribu thina ya laka kwa namna hiyohiyo: ikilainisha, ni laka. Visipofanya kitu vyote viwili, una vanishi ngumu ya polyurethane au pako la kiwandani, na unaweza kupumua. Nta haihitaji dawa: kwaruza kwa ukucha, itatoka vipande vyembamba vyeupe.

Tazama pia kingo za mlango na matundu ya skrubu. Ukiona unga uliobanwa, hiyo ni MDF au bao la unga wa mbao, na adui yake mkubwa ni maji (swali la 20). Ukiona tabaka tabaka, ni plaiwudi, au bao lililobandikwa karatasi nyembamba ya mbao ambayo gundi yake haipendi joto.

3. Nahitaji vifaa gani?

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ndoo mbili, vitambaa laini vya pamba au maikrofaiba (vingi kuliko unavyodhani), mswaki wa zamani wenye nywele laini, kadi ya plastiki isiyotumika, bekingi soda, glavu, ngazi imara na bisibisi. Vitambaa viwe vyeupe au vya rangi hafifu. Chenye rangi kali kinaweza kuchuja, na hakikuonyeshi kama kinachotoka ni uchafu au ni rangi ya kabati.

## Kusafisha kwenyewe

4. Utaratibu wa kawaida ni upi?

Zima jiko na uache lipoe. Pangusa vumbi lote kavu kwanza kwa brashi au kitambaa kikavu, kuanzia juu kwenda chini. Watu wengi huruka hatua hii, kisha hushangaa kuona tope jeusi likitembea kwenye mlango.

Katika ndoo ya kwanza tia lita 2 za maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, na vijiko 2 vya chai vya sabuni ya vyombo. Maji moto hulainisha mafuta, na sabuni huyamaliza: kila chembe ya sabuni ina upande unaoshika mafuta na upande unaoshika maji, hivyo mafuta hujikuta yamezingirwa na kuondoka na maji. Ndoo ya pili ni ya maji safi ya kusuuzia.

Chovya kitambaa, kikamue mpaka kisidondoshe hata tone, kisha pangusa kwa kufuata nyuzi za mbao. Fanya mlango mmoja hadi uishe kabla ya kwenda mwingine. Mlango wenyewe nashauri uuoshe kutoka chini kwenda juu. Watu wengi hufanya kinyume, lakini maji ya sabuni yakitiririka juu ya uchafu mkavu huacha michirizi migumu kutoka. Yakitiririka juu ya sehemu iliyokwisha kuloa hayaachi kitu. Kusuuza ndiko kuanze juu kwenda chini.

Malizia kwa kitambaa kikavu papo hapo, hasa kwenye maungio na ukingo wa chini wa mlango. Maji hukusanyika pale na kuingia kwenye mbao kupitia ncha za nyuzi, ambazo hunywa maji kuliko sehemu nyingine yoyote. Maji ya ndoo yakishakuwa ya kijivu, yamwage na uchanganye mengine. Ukiendelea nayo utakuwa unapaka mafuta upya.

Kwa makabati yanayosafishwa mara kwa mara, kazi inaishia hapa.

5. Nimefuata hayo yote na gamba bado lipo. Sasa?

Ongeza muda kabla ya kuongeza nguvu. Gamba la zamani hulainika taratibu, na anayesugua kwa hasira humaliza vanishi kabla ya mafuta.

Paka sabuni ya vyombo isiyochanganywa na maji moja kwa moja juu ya gamba, tabaka jembamba, kwa kidole au sponji laini. Acha dakika 10. Palipo pagumu zaidi, funika kwa kitambaa kilicholowa maji moto na kukamuliwa sana, ili sabuni isikauke. Kisha pangusa. Mara nyingi tabaka la juu litatoka na la chini litabaki, rudia. Raundi tatu za upole hazidhuru chochote, ilhali raundi moja ya kusugua kwa nguvu inaweza kukuachia doa lililofifia katikati ya mlango.

Likigoma bado, tengeneza uji mzito wa bekingi soda: vijiko 3 vya unga kwa kijiko 1 cha maji, na matone machache ya sabuni. Bekingi soda ina ualkali mdogo, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) ni kama 8, na hugeuza sehemu ya asidi za mafuta yaliyochacha kuwa sabuni. Chembe zake pia hukwangua kidogo, na hapo ndipo penye hatari kwa milango inayong'aa. Paka kwa vidole, acha dakika 5 hadi 10, kisha zungusha kitambaa chenye unyevu bila kukandamiza. Suuza vizuri, maana masalia yake huacha ukungu mweupe (swali la 18). Hakikisha ni bekingi soda na si bekingi pauda. Ya pili imetiwa asidi na wanga, na haifai kwa kazi hii.

Matone manene yaliyogandamana unaweza kuyabandua kwa kadi ya plastiki yakishalainika. Ilaze kadi karibu sambamba na mbao. Kisu, hata kiwe butu namna gani, kiache kwenye droo.

Vikishindwa vyote, soma swali la 12.

6. Juu ya makabati kuna kitu kama lami yenye manyoya. Naanzia wapi?

Hapo ndipo mafuta huwa mazito kuliko kote, kwa sababu hewa ya moto hupanda na hakuna anayepatazama. Lakini kwa kuwa hapaonekani, pia ndipo unapoweza kujaribu dawa bila woga.

Usianze na maji. Kwangua kwanza kikavu kwa kadi ya plastiki na uzoe manyoya yote kwenye karatasi. Kisha paka sabuni isiyochanganywa au uji wa swali la 5, funika kwa karatasi za jikoni zenye unyevu, na uende ukafanye kazi nyingine kwa dakika 15 au 20. Ukirudi, sehemu kubwa itazoleka na karatasi. Sehemu hiyo mara nyingi haikupakwa vanishi kiwandani, hivyo ikaushe haraka.

Pakishakauka, tandaza magazeti au karatasi yoyote. Safari ijayo utakunja karatasi na kuitupa.

7. Nakshi, kona na sehemu za vishikio je?

Fungua vishikio kwa bisibisi, uviloweke kwenye maji moto yenye sabuni wakati ukiendelea na milango, kisha uvisugue kwa mswaki. Vya shaba au vilivyopakwa rangi visikae majini muda mrefu. Kazi ya kuvifungua inaudhi, lakini mduara mweusi unaozunguka kishikio hauondoki vizuri kikiwa mahali pake. Mduara huo una mchanganyiko wa mafuta ya kupikia, jasho na mafuta ya mikono, na ndio unaochosha vanishi mapema.

Kwenye nakshi tumia mswaki wenye povu, si wenye maji. Kona zenye uchafu uliokaza zichokonoe kwa kijiti cha meno kilichozungushiwa kitambaa. Bawaba zipanguse kwa kitambaa chenye unyevu na uzikaushe, usizimwagie maji.

8. Na ndani ya makabati?

Ndani huwa na mafuta machache, isipokuwa kwenye rafu ya chupa za mafuta na viungo. Toa kila kitu, fuata swali la 4, na uache milango wazi mpaka pakauke kabisa kabla ya kurudisha vyakula.

## Dawa zinazotajwa sana

9. Nichanganye siki na bekingi soda? Povu lake linaonekana lina nguvu.

Linapendeza kutazama, basi. Siki ni asidi, bekingi soda ni alkali, zikikutana zinauana. Povu ni hewa ya kaboni dioksidi ikitoka, na kinachobaki ni maji yenye chumvi isiyo na nguvu juu ya mafuta. Mchanganyiko huo unaweza kusaidia kusukuma uchafu kwenye bomba, lakini mlangoni umepoteza vyote viwili.

10. Siki au limau peke yake je?

Siki ya kawaida, yenye asidi ya asetiki kama asilimia 5, hutoa utando mwembamba wa mafuta mapya na huondoa chokaa ya maji magumu. Kwa gamba la zamani si chaguo, maana alkali ndiyo inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Nafasi yake nzuri ni mwishoni: kikombe kimoja kwa lita 2 za maji, kupangusia masalia ya sabuni na soda. Usiimwage juu ya mbao zenye nta, na usiikaribishe kwenye meza ya marumaru iliyo chini ya makabati, kwa kuwa asidi huila marumaru.

11. Nimesikia mafuta ya kula huondoa mafuta. Ni kweli?

Ni kweli kwa sehemu. Mafuta mabichi hulainisha yaliyonata, na kitambaa kinayazoa. Tatizo ni yale yanayobaki: yatapitia safari ileile iliyoelezwa katika swali la 1. Ukiitumia njia hii, basi lazima ufuate na sabuni mpaka mlango usiteleze chini ya kidole. Kwa maoni yangu ni kazi mara mbili.

12. Mafuta ya taa, tapentaini, thina, spiriti: ipi inafaa?

Hizi hazifanani, ingawa watu huzitaja kama kitu kimoja.

Tapentaini ya madini, ile isiyo na rangi inayotumika kusafishia brashi za rangi ya mafuta, ndiyo salama zaidi kwa vanishi na laka zilizokauka vizuri. Huyeyusha nta na hulainisha mafuta ambayo sabuni imeyashindwa. Weka kidogo kwenye kitambaa, pangusa sehemu ndogo, kausha, kisha osha kwa maji ya sabuni na usuuze. Kama mbao zako zina nta, itaondoka pamoja na uchafu, na utapaka nyingine.

Mafuta ya taa hufanya kazi inayokaribiana na hiyo, lakini huacha harufu na utando wake. Spiriti huyeyusha shelaki na inaweza kuisumbua laka. Thina ya laka ni kali mno: huyeyusha laka, hulainisha rangi nyingi, na haina nafasi hapa zaidi ya lile tone la majaribio.

Zote zinashika moto, na mvuke wake pia. Zima jiko na kila mwali, pamoja na ule mdogo unaowaka daima kwenye baadhi ya majiko na mitambo ya gesi ya kuchemshia maji. Fungua madirisha, vaa glavu, na usome swali la 26 kabla ya kutupa vitambaa.

13. Dawa ya kusafishia oveni? Kostiki? Magadi soda?

Dawa nyingi za oveni zina kostiki, alkali kali sana yenye pH inayokaribia 14. Itaondoa mafuta, kisha vanishi, kisha itaigeuza mbao iwe nyeusi na yenye manyoya. Iache ovenini.

Magadi soda (soda ya kufulia) ni ya katikati: pH yake hufika karibu 11, na inashinda mafuta ambayo bekingi soda haikuyaweza. Kwenye vanishi ngumu au rangi ya mafuta unaweza kutumia kijiko 1 cha chakula kwa lita 2 za maji moto, ukiwa na glavu, kwa dakika moja au mbili tu kabla ya kusuuza. Kwenye mbao tupu, shelaki au nta, hapana.

14. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo itasaidia?

Haitoi mafuta. Hupausha mbao na kula pako. Kubwa zaidi: ikikutana na siki au asidi nyingine hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia hutoa kloramini. Zote mbili huchoma mapafu. Dawa nyingi za kusafishia vioo na za kuondolea mafuta zina amonia, hivyo soma chupa kabla ya kutumia moja baada ya nyingine mahali pamoja. Amonia yenyewe huondoa mafuta vizuri, lakini hubadilisha rangi ya mbao zenye tanini (kemikali ya asili ya mbao) nyingi, kama mwaloni, kuwa nyeusi zaidi.

15. Waya wa kusugulia sufuria, au ile sponji nyeupe ya kufutia madoa?

Waya, hapana. Huchora mistari, na vipande vyake hukatika na kubaki kwenye nyuzi za mbao. Vikipata unyevu hushika kutu, na kwenye mbao zenye tanini huacha madoa meusi ya bluu.

Sponji nyeupe ni msasa laini sana uliovaa sura ya sponji. Kwenye rangi isiyong'aa itakusaidia kwa doa dogo. Kwenye mlango unaong'aa itaacha kiraka kilichofifia, na kiraka hicho hakioshwi kikatoka.

16. Mashine ya mvuke?

Kwenye vigae, ndiyo. Kwenye makabati ya mbao, hapana: joto na unyevu kwa pamoja hulegeza gundi, huinua karatasi nyembamba ya mbao na huacha ukungu mweupe ndani ya pako.

## Mambo yakienda kombo

17. Nimeosha mara tatu na mlango bado unanata. Mafuta hayaishi?

Huenda mafuta yaliisha raundi ya kwanza, na kinachonata sasa ni vanishi yenyewe. Ni jambo la kawaida karibu na vishikio na juu ya jiko. Joto, jasho na mafuta yaliyokaa muda mrefu hulainisha pako mpaka linakuwa kama gundi. Anayelichukulia kama uchafu na kuendelea kusugua hujikuta ameona mbao.

Njia ya kutofautisha: pangusa sehemu ndogo kwa pamba yenye tapentaini ya madini, kausha, kisha kandamiza ukucha. Ikiwa chini ni pagumu na ukucha hauachi alama, ulikuwa na mafuta. Endelea na swali la 5. Ukucha ukiacha alama, au ukikwangua na kutoa vijiti laini vya kahawia vinavyojiviringa, hilo ni pako lililochoka.

Angalia pia sababu ya tatu, ambayo ni sabuni iliyobaki. Sabuni isiyosuuzwa hunata na kuvuta vumbi. Pangusa kwa maji safi mara mbili, kausha, uache hadi kesho. Ukikuta pamekauka, tatizo lilikuwa kusuuza.

Pako lililochoka halina dawa ya kuosha. Wakati mwingine hukaza kidogo likiachwa kavu kwa siku kadhaa, lakini sehemu iliyolainika kabisa inahitaji kuondolewa na kupakwa upya.

18. Umetokea ukungu au doa jeupe. Nimeharibu?

Ukiwa ni unga kwenye mikunjo na nyuzi, ni masalia ya bekingi soda. Kitambaa chenye siki iliyopunguzwa kwa maji (swali la 10) kitaumaliza.

Ukiwa ndani ya pako, ni unyevu ulionaswa. Acha mlango wazi siku moja au mbili. Mara nyingi hujiondokea. Ukibaki, tumia mashine ya kukaushia nywele kwa joto la chini, ukiisogeza bila kusimama.

19. Kitambaa kinatoka na rangi ya kahawia. Nisimame?

Simama uangalie. Uchafu wa mafuta ni wa manjano hadi kahawia, unanata, na hupungua kila unapobadilisha kitambaa. Rangi ya mbao haipungui, haina grisi ikiguswa, na mlango unaanza kuonyesha sehemu zilizopauka. Ukiona dalili ya pili, acha dawa zote, suuza, kausha. Kutoka hapo tumia maji ya sabuni hafifu tu.

20. Ukingo wa chini umevimba.

Hiyo ni MDF au bao la unga wa mbao lililokunywa maji. Likivimba halirudi. Unaweza kulikausha kabisa, kulisawazisha kwa msasa na kuliziba kwa rangi ili lisiendelee. Milango mingine ambayo haijavimba ipanguswe kwa kitambaa kilichokaribia kukauka.

21. Mbao zangu hazikupakwa chochote, au zimepakwa mafuta tu.

Hapa mafuta ya kupikia yameingia ndani. Tumia povu la sabuni peke yake kwenye kitambaa kilichokamuliwa, pangusa kwa kufuata nyuzi, kausha mara moja. Doa jipya linyunyizie wanga wa mahindi, uache usiku kucha unyonye, kisha ulipige brashi. Doa la zamani litahitaji tapentaini ya madini, na huenda msasa laini baada yake. Mbao zikishakauka zizibe kwa vanishi au mafuta ya mbao, la sivyo utarudia kazi hiyohiyo.

22. Uchafu wangu ni masizi zaidi kuliko mafuta.

Usiyaloweshe kwanza. Masizi makavu yakipata maji huwa wino. Yafyonze kwa kifyonza vumbi chenye brashi laini bila kugandamiza, au yapanguse kwa sponji kavu kwa mipanguso mirefu ya kuelekea upande mmoja. Kilichobaki kimeshikwa na mafuta, nacho kinafuata swali la 4.

23. Nataka kupaka rangi upya. Je, msasa hautaondoa mafuta?

Msasa huyasukuma ndani ya mbao na kujaa mafuta wenyewe. Osha kwanza, hata kama unafikiri utakwangua kila kitu: sabuni, kisha magadi soda (swali la 13), suuza mara mbili, acha ikauke siku nzima, ndipo msasa, kisha rangi ya kwanza ya kushikia. Rangi iliyopakwa juu ya mafuta hujikunja kuwa vishimo vidogo au hubanduka kama ganda. Polishi zenye silikoni huleta vishimo hivyohivyo.

Nyumba ikiwa ya zamani sana, rangi yake inaweza kuwa na risasi. Usiipige msasa kavu kabla ya kuipima. Vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

## Baada ya kusafisha

24. Nipake polishi au mafuta ili zing'ae?

Vanishi isiyoharibika haihitaji kitu. Mafuta ya zeituni au ya kula usipake kamwe (swali la 1 tena). Polishi yenye mafuta hung'aa siku chache na kuvuta vumbi. Mbao za nta zipewe nta tabaka jembamba, zisuguliwe zikauke.

25. Nisafishe mara ngapi, na nipunguzeje mafuta yenyewe?

Milango miwili au mitatu iliyo karibu na jiko ipanguswe kwa sabuni kila wiki, ikiwezekana baada ya siku ya kukaanga. Mingine yote inatosha kila baada ya miezi mitatu hivi. Mafuta yakiwa bado ni laini, kazi ni ya dakika chache.

Funika kikaango, na ukaushe chakula kabla ya kukitia mafutani, kwani maji ndiyo yanayorusha matone. Washa feni ya kutolea moshi kabla ya kuanza na uiache dakika kadhaa baada ya kuzima jiko. Kichujio chake cha waya kiloweke kwenye maji moto sana yenye sabuni kila mwezi au miwili. Kikiziba, moshi wote unarudi kwenye milango.

26. Vitambaa vilivyojaa mafuta nivitupe vipi?

Usivirundike. Mafuta yanayokauka hewani hutoa joto, na ndani ya rundo joto hilo halina pa kutokea, hivyo vitambaa vinaweza kujiwasha vyenyewe. Mafuta ya kitani ni hatari zaidi kwa hili, lakini vitambaa vyenye mafuta ya kupikia vilivyotolewa kwenye mashine ya kukaushia nguo na kukunjwa vikiwa vya moto pia vimewahi kuleta moto.

Vitandaze kimoja kimoja nje, mbali na jua kali na jiko, mpaka vikauke na kukakamaa, ndipo uvitupe. Vyenye tapentaini ukitaka kuvitupa mapema vilowe maji kwanza na vitiwe kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko. Ukitaka kuvitumia tena, vifue mara mbili kwa maji moto na sabuni nyingi, na uvianike kambani badala ya kuvitia kwenye mashine ya kukaushia.